Tata Hénock Kalenga na Barua Iliyomnyima Cheo

Tarehe 30 Juni 2025, Tata Hénock Kalenga anaiaga ofisi yetu ya ruzuku za kilimo hapa Kolwezi baada ya miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa mpimaji wa mashamba, na anatoka akiwa mpimaji wa mashamba. Wengi mmeuliza kwa nini hakupandishwa cheo zamu yake ilipofika. Sababu ni barua moja ya onyo iliyomo katika faili lake, na mimi, Laure Kabemba, niliyefundishwa kazi naye, naifahamu vizuri.

Kwanza kazi yenyewe. Serikali humlipia mkulima nusu ya bei ya mbegu na mbolea, lakini sharti shamba lionekane na lipimwe. Tata Hénock amepima hadi Mutshatsha na ng'ambo yake, kwa pikipiki ambayo siku nyingi yeye ndiye aliyeibeba. Ana kamba ya mita hamsini, kofia iliyochakaa, na hajawahi kukataa bukari, ugali wetu wa hapa, nyumbani kwa mtu. Akina mama wa huko humtania kwamba hukagua sufuria kabla ya shamba.

Sasa hiyo barua. Msimu wa 2019 muda ulitubana. Kijiji kimoja kando ya reli kilikuwa na nafasi arobaini tu, na shamba la arobaini lilihesabiwa kutoka barabarani, bila mtu kushuka kwenye pikipiki. Yalionekana matuta, ikaandikwa mihogo, hekta mbili. Kumbe yalikuwa marundo ya udongo: vijana walikuwa wakichimba kobalti. Malipo yakatoka, na Mama Mwadi Numbi, mjane mwenye mahindi ya kweli, akakosa nafasi.

Hakuna mkubwa aliyegundua. Tata Hénock mwenyewe alirudi, akaona mashimo, akaandika ripoti ya kujishtaki, nayo ndiyo iliyomletea barua ya onyo. Kisha alikwenda kumwomba radhi Mama Mwadi, aliyekuwa akipalilia na wala hakusimamisha jembe.

"Pole nimesikia, Tata. Sasa mbolea iko wapi?"

"Haiko, Mama. Mi njo nilikosea. Nitaitafuta."

Alifanya safari kumi na moja kwa wakubwa mpaka orodha ikafunguliwa upya. Ruzuku ilifika mahindi yameshaanza kuwa ya manjano, na Mama Mwadi alivuna magunia sita mahali alipozoea kumi na matano. Tangu hapo Tata hasaini shamba asilolizunguka kwa miguu, na kila orodha husomwa kwa sauti mbele ya kijiji kabla ya kuletwa Kolwezi. Utaratibu huo sasa ni wa ofisi nzima. Mwaka jana wakulima wenyewe walifuta majina manne.

Siku ile ya matuta, Tata alikuwa akiendesha. Mimi nilikaa nyuma na daftari. Aliniuliza kama tushuke, nikamwambia tumechelewa, ile ni mihogo. Nilikuwa na miezi miwili tu kazini, naye hakuliandika jina langu popote. Nimenyamaza miaka sita, na naona aibu. Leo asubuhi nimempelekea mkurugenzi maelezo yangu, yawekwe katika faili pamoja na ile barua. Najua cheo hakitarudi.

Tata Hénock, ofisi nzima inakushukuru. Tunakutakia wewe na mkeo, Mama Godelieve, afya njema, usingizi wa kutosha na mvua za wakati wake. Nami nakuomba msamaha mbele ya wote.