Kitako Kilichopigwa Msasa

Ladan alijifanya anatazama nje ya basi la Kings Heath, huko Uingereza, lakini masikio yote yalikuwa kiti cha mbele, kwa wazee wawili waliokulia Nairobi.

"Miezi mitatu nimeitengeneza," alisema Tahlil, yule Msomali, akionyesha kwenye simu picha ya bunduki kuukuu ya jeshi la Waingereza. "Ona kitako kinavyong'aa!"

"Umekipiga msasa?" Gurvinder alifoka. "Bunduki ya zamani hupakwa mafuta, basi! Iko wapi picha ya kabla?"

"Hii hapa. Mikwaruzo tu."

"Mikwaruzo? Hii ni namba ya askari na jina lake! Umelifuta!"

"Na likae la nini? Babu yangu aliwabebea bunduki Waingereza miaka saba, nani aliandika jina lake popote? Leo mimi nimtunzie Mwingereza lake?"

Abiria waliwatazama, kisha wakakumbuka adabu na kurudi kwenye simu zao.

Gurvinder aliikuza picha kwa vidole viwili, akamsogezea Tahlil hadi puani. "Basi soma!"

Ladan alinyoosha shingo, akawahi kusoma: WARSAME. Jina la Kisomali kama Tahlil mwenyewe, limechongwa kwa ncha ya kisu.

Tahlil alipiga kengele kwa ngumi. Basi liliposimama alishuka, akaiacha simu mkononi mwa Gurvinder.