Bi Hapo-Tu na Njia ya Mgongoni

Ndugu, majirani, wateja wa duka na wote mliofika na viatu vya kutembelea kama mlivyoombwa: tunayemsindikiza leo ni fundi cherehani wa duka la kona, ambaye mji mzima ulimwita Bi Hapo-Tu. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, asubuhi yenye mvua, katika nyumba ya pili ukishavuka daraja la mbao. Baba yake alikuwa mchonga mawe, mama yake mfuma mikeka, naye alikuwa kitinda mimba aliyefuata wavulana watatu. Alitanguliza miguu. Mkunga alitoka jasho, na alipomaliza kazi yake akamwambia mama mtu, "Mwanao kaja miguu mbele. Mtamtafuta sana huyu." Na kweli walimtafuta. Chungu kikiwa mekoni na mtoto haonekani, kaka zake walijua pa kwenda: juu mgongoni mwa kilima, kwenye magofu, ambako angekutwa anapita mlango mmoja na kutokea mwingine kama mgeni anayekagua nyumba ya kupanga.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Watoto wengine walipita njia ya chini, iliyo fupi na tambarare. Yeye alipita Njia ya Mgongoni, inayopanda nyuma ya soko, ikapita magofu, ikateremkia upande wa pili karibu na makaburi. Ni njia ya zamani kuliko mji wenyewe. Mawe yake yamelainika kwa nyayo za watu ambao hakuna anayejua majina yao. Ni nzuri, lakini kwa mwanafunzi ni ndefu, na kila asubuhi alichelewa. Mwalimu wa jiografia akamsimamisha mbele ya darasa.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapo tu, mwalimu."

"Hapo tu wapi, na miguu ina matope mpaka magotini?"

Darasa lilicheka, naye akacheka pamoja nao. Alipewa adhabu ya kuchora ramani ya njia aliyopita. Ramani ile ilibandikwa ukutani ikakaa hadi karatasi ilipogeuka rangi ya chai. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965. Hakuendelea, kwa kuwa kaka zake walikuwa bado wanasoma, na shangazi yake alikuwa na cherehani isiyo na mtu wa kuikanyaga.

Kwa shangazi alijifunza kukata, kupima, kupiga pasi bila kuunguza, na kumwambia mteja ukweli kuhusu kiuno chake bila kumpoteza. Mwaka 1973 alifungua duka lake pale kona, chumba kimoja chenye dirisha pana, meza ya kukatia na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Sare za shule za mji huu, kwa sehemu kubwa, zimepita kwenye sindano yake. Ila fundi ni fundi. Nguo iliyoahidiwa Jumatano ilikuwa tayari Jumamosi, na ya Jumamosi usiulize. Hapo ndipo alipotofautiana na mafundi wenzake. Wao husema, "Njoo kesho." Yeye alivua kipimo shingoni, akatia sindano na vifungo mfukoni, akamwambia mteja, "Suruali imebaki vifungo tu. Twende tukaone magofu, tukirudi itakuwa tayari." Vifungo alivishona kule juu, amekaa kwenye ukuta, huku anaeleza. Wako watu katika mji huu waliofika magofuni mara nyingi kuliko mchunga mbuzi, na si kwamba walipenda historia. Walikuwa wanafuata suruali zao.

Jina lake lilitokana na mwalimu mkuu mmoja, mtu wa tumbo, aliyekuja na walimu wenzake kuchukua sare za kwaya. Sare hazikuwa tayari. Wakapandishwa. Kwenye kona ya kwanza mwalimu mkuu akauliza, "Mama, bado mbali?"

"Hapo tu."

Kona ya pili, hapo tu. Kwenye mteremko wa kijito, hapo tu. Mwishowe mzee wa watu akakaa juu ya jiwe, akafungua vifungo vya shati, akasema, "Mama, hii hapo tu yako imeshazaa, sasa ina wajukuu!" Walimu wakalala kwa kicheko. Lakini alipofika juu, akainama kupita ule mlango mfupi wa magofu, akaona bonde lote limetandazwa chini na mto umekunja kiwiko, mwalimu mkuu alifunga tena vifungo vya shati. Jumamosi iliyofuata alirudi na mkewe, bila kuwa na nguo yoyote ya kuchukua.

Marehemu hakuwa msomi wa mambo ya kale na hakujifanya msomi. Kwa miaka mingi alionyesha tundu moja dogo ukutani akisema hapo malkia alikuwa akichungulia wageni. Siku moja bibi mmoja katika kundi aliinama, akatazama, akacheka hadi kilemba kikamlegea. "Mwanangu, malkia gani wa kupita chini namna hii? Hili ni tundu la kuku!" Tangu siku hiyo alieleza hivi: "Hapa alichungulia malkia. Na kama hakuwa malkia, alikuwa kuku wake." Watu walipapenda zaidi.

Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na fundi baiskeli wa nyuma ya soko, ambaye ameketi hapa mbele. Walijuana kwa sababu ya mnyororo. Marehemu alikuwa amenunua baiskeli kuukuu ili aweze kufika mbali zaidi ya pale miguu ilipomfikisha, kwenye tanuri za chokaa na kwenye lile daraja la reli lisilo na reli. Mnyororo ukakatika huko huko. Akaisukuma mpaka kwa fundi.

"Umeipeleka wapi baiskeli hii, dada?"

"Hapo tu."

Fundi akakwangua tope kwenye rimu kwa ukucha. "Tope hili jekundu halipo hapo tu. Hili ni la juu kabisa."

Aliunga mnyororo, lakini nati moja ya gurudumu la nyuma hakuikaza sawasawa, ili mwenye baiskeli arudi. Alirudi, tena amefura. Ndoa ikatoka humo. Mgane ameruhusu jambo hili lisemwe hapa, akaomba liongezwe kwamba nati ile haikuwa ya hatari. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na mwana ambaye ni mwashi. Hao wawili walijifunza kutembea kwenye Njia ya Mgongoni, na kuendesha baiskeli kwenye mteremko wake, na makovu wanayo.

Sasa tufike kwenye waya. Mwaka 2016 jirani yetu mwenye shamba la mgongoni aliizungushia seng'enge ardhi yake, na njia ikawa ndani. Marehemu alipomwendea, jirani alijibu, "Njia ipi, Bi Hapo-Tu? Mimi naona nyasi." Akaenda ofisi ya ardhi. Afisa pale alimsikiliza, akamwambia, "Mama, njia inayopitwa ni njia. Ikiota nyasi, ni shamba." Marehemu alirudi na maneno hayo kama mtu aliyekabidhiwa kitambaa. Akaanza kukata. Kila Jumamosi aliita watu: wateja, wanakwaya, wageni wa wateja, vijana wa baiskeli, wanandoa wapya waliotaka picha. Wakainua waya, wakapita chini yake, wakainama tena kwenye mlango wa magofu, wakashukia upande wa makaburini. Nyasi hazikupata nafasi.

Hakugombana na jirani hata siku moja. Jirani alikuwa akitoka nyumbani kwake na kikombe mkononi, anawatazama wanavyopita. "Bi Hapo-Tu, wewe huchoki?"

"Nikichoka nitakaa kwako unipe chai."

Chai alipewa. Waya haukutoka. Halafu ikatokea siku jirani mwenyewe, akimfukuza ndama, alinaswa na seng'enge yake, na suruali ikachanika kuanzia mahali pasipotajika. Fundi wa karibu ni nani? Akaja dukani amejifunga koti kiunoni. Marehemu aliipokea, akaitia kiraka kisichoonekana hata ukitafuta, akamkabidhi akisema, "Suruali yako imepona, jirani. Njia yangu bado." Wakacheka wote wawili, na kila mmoja akabaki na msimamo wake.

Mwaka 2021 alianza kuishiwa pumzi. Binti yake alimpeleka hospitali. Daktari akauliza maumivu yako wapi, mgonjwa akagusa kifua: "Hapo tu, daktari." Binti akadakia, "Usimwamini, daktari. Hapo tu ya mama huwa ni mbali." Ilikuwa mbali kweli. Moyo ulikuwa umechoka, akakatazwa kupanda kilima. Mumewe hakubishana na daktari wala na mke. Alifunga mto kwenye kerea ya nyuma ya baiskeli, akamkalisha mkewe, akaisukuma yeye, Jumamosi baada ya Jumamosi, kundi likiwafuata. Watu waliposimama kupumua, sauti ilitoka kwenye kerea: "Mbona mmesimama? Mimi sijachoka!"

Mwaka huu mwanzoni mwa mvua hata kerea ilimshinda. Akalazwa nyumbani, kitanda kimegeuzwa kuelekea dirisha la mgongoni. Na huo ndio wakati afisa wa ardhi alipopita dukani kusema kwamba mwisho wa mwezi wa tano atakuja kukagua, aone kama njia inapitwa, ili jambo hili liishe. Makundi bila yeye yalipungua, kisha yakakoma. Mvua nayo haikumsubiri mgonjwa. Kila jioni aliuliza, "Mume wangu, nyasi zimefika wapi?" Mumewe alikwenda kuangalia, akarudi, na kwa kuwa kumdanganya hajawahi isipokuwa kwenye ile nati, alijibu kweli. "Kwenye kifundo." Baada ya wiki: "Chini ya goti." Siku aliposema, "Gotini," marehemu aligeukia dirisha. Kisha akasema, "Basi mtanipitisha mimi."

Mumewe hakuelewa. Akamfafanulia kama anavyofafanuliwa mteja: "Kwenda makaburini kuna njia mbili. Ya lami ni ya magari. Mimi niliwahi kuwa gari?"

Alituacha Alhamisi tarehe 16 Mei 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mume amemshika mkono na binti yuko kichwani. Alikuwa ameomba viatu vyake vya kutembelea vitolewe chini ya cherehani viwekwe kando ya kitanda. Vilikuwepo.

Katika kikao cha familia kaka yake mkubwa, dereva mstaafu, alipinga kwa nia njema. "Jeneza si gunia la viazi. Kule kunateleza. Kuna lami, kuna gari, kwa nini tujitese?" Mgane alisubiri amalize, kisha akamuuliza, "Shemeji, dada yako uliwahi kumwona akipita njia fupi?" Kaka mtu alicheka, machozi yakimtoka, na kikao kikaisha. Jirani mwenye shamba alikuwa amekaa mlangoni, amekuja kutoa pole. Akauliza kwa sauti ndogo, "Jeneza lina upana gani?" Mwana mwashi akampa kipimo. Jirani akaaga. Asubuhi hii waya umekutwa umekunjwa pembeni, nafasi ikiwa pana kuliko kipimo alichopewa. Hakusema kwamba njia si shamba lake, nasi hatumsemei. Yupo hapa pamoja nasi, na suruali aliyovaa ina kiraka kisichoonekana.

Marehemu ameacha mgane, watoto wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, kaka wawili walio hai, shemeji yake anayewasomea maneno haya, cherehani mbili, baiskeli moja yenye mto kwenye kerea, na nguo kadhaa ambazo hazijakamilika. Wenye nguo hizo wasihofu, binti wa shangazi yake atazimalizia. Amesema mje Jumamosi ijayo, na mje na viatu.

Tunaondoka sasa. Leo ni Jumamosi, na hili ndilo kundi kubwa kuliko yote aliyowahi kuita. Njia ni nyembamba, kwa hiyo tujipange mmoja mmoja nyuma ya jeneza, na wenye baiskeli wazisukume mwishoni. Nyasi ziko gotini. Msizikwepe wala msiziruke, zikanyageni vizuri, maana afisa anakuja baada ya sisi. Magofuni tutapumzika kidogo, wabebaji wapokezane, na mlangoni kila mtu ainame. Wageni wataonyeshwa tundu la malkia.

Na mtu akichoka akauliza kama bado ni mbali, yeyote aliye karibu naye amjibu. Jibu mnalijua.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi tunatembea.