Raphaël Kanamugire, Fundi wa Helisi (1916–1958)

Wakwe zetu wa kwa Rukara, musogee karibu, maana maneno haya yanawahusu kuliko wengine wote.

Raphaël Kanamugire alizaliwa mwezi wa tatu mwaka 1916 huko Rwanda, ng'ambo ya ziwa, mutoto wa mwisho wa Nzabandora. Mama yake alikufa yeye akiwa bado ananyonya, njo dada yake mukubwa, Anastasie Mukagasana, akamulea mugongoni. Alisoma miaka mitano kwa mapadri, na katika hesabu hakuna aliyemupita. Mwaka 1938 jamaa yote ilihamia hapa Ngungu pamoja na ngombe zao.

Mwaka 1942 alishuka Walikale kutafuta kazi katika kampuni ya madini. Alianza kwa kuosha vyuma vya malori. Mwaka 1947 wakamupa kazi ya ndege ya kampuni, kuangalia helisi yake, yale mabawa yanayozunguka mbele, maana alikuwa na sikio lisilokosea. Siku moja ya konje, amekuja kupumzika nyumbani, Anastasie akiwa analima maharagwe, alimuuliza ndege inajua namna gani kupanda mulima. Raphaël alimunyanganya jembe.

"Angalia, dada. Jembe likilala, linakwangua tu udongo, mukono unakimbia. Likisimama, linakata mingi, mukono unachoka. Bawa la helisi iko vile vile. Ndege ikiondoka chini, bawa linakata upepo kidogo, motere inakimbia na nguvu. Ikishafika juu, linakata mingi."

"Na nani analigeuza? Piloti anatoa mukono inje?"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Hapana, dada! Iko regulateri. Ndani iko vyuma viwili vinazunguka pamoja na motere, na resori, chuma cha kujikunja, inavikaza. Motere ikikimbia kupita kiasi, vile vyuma vinatawanyika, vinasukuma kimulango cha mafuta. Mafuta njo yanageuza bawa, linakata mingi, motere inatulia. Motere ikilegea, resori inarudisha vyuma, bawa linakata kidogo. Kwa hiyo sauti inabaki moja. Ukisikia inapanda, inashuka, ujue iko mugonjwa."

Tarehe 15 Julai 1944 alikuwa amefunga ndoa na Rosalie, binti ya Papa Rukara na Mama Mukabaranga. Mungu aliwapa Hakorimana na Epiphanie. Rosalie hakujua kunyamaza, na kambi nzima ya kampuni huko Walikale ilimusikia: "Baba Hakorimana, hiyo helisi ingejua kupika, ungekwisha kunirudisha kwetu!"

Novemba 1951, akiwa na mimba ya mutoto wa tatu, Rosalie alianza kutoka damu. Muganga wa kambi alisema lazima apasuliwe Goma. Mvua ilikuwa imebeba daraja, na ndege njo njia moja iliyobaki. Walimulaza ndani, piloti akawasha motere. Raphaël, akisimama chini, akasikia sauti inapanda, inashuka, kidogo sana. Piloti hakusikia kitu.

Raphaël alijua mara moja. Wiki tatu kabla ya hapo alibadilisha ngozi inayozuia mafuta katika kichwa cha helisi. Ngozi hiyo ilitakiwa kulowekwa katika mafuta ya motere, na yalikuwa yameisha. Basi akailoweka katika mafuta ya ngombe, kama tunavyolainisha kila ngozi nyumbani. Motere ilipopata moto, mafuta yale yakatoka kwenye ngozi, yakaingia katika regulateri, yakashikana na masizi, kimulango kikaanza kuziba.

Angenyamaza, nani angejua? Alipandisha mukono. Motere ikazimwa.

"Iko nini?" piloti aliuliza.

"Haitavuka milima, Monsieur. Mie njo niliiharibu."

"Lakini muke yako iko ndani!"

"Najua. Na wewe uko ndani."

Rosalie alibebwa kwa tipoyi, kitanda cha kubeba mabegani. Alikufa siku ya pili ya safari, Ijumaa tarehe 9 Novemba, kabla ya kufika Masisi, yeye na mutoto tumboni. Wazazi wake walimuzika kwao, hapa Ngungu. Regulateri ilipofunguliwa, ilikutwa vile alivyosema. Ndege ikasafishwa, ikaruka. Raphaël akarudishwa kuosha vyuma, na hakulalamika.

Kwa desturi yetu, mukwe hasimami mbele ya mama mukwe kujieleza. Alimutuma Anastasie. "Dada, umuambie yote. Hata ile mafuta ya ngombe, usiifiche." Anastasie alienda, lakini majivuno ya kuwa na ndugu fundi wa ndege yakamufunga mudomo. Alisema tu, "Mashini ya wazungu iliharibika." Baadaye watu wakaleta habari kwamba motere ilikuwa inanguruma na Raphaël mwenyewe njo aliizuia. Toka siku hiyo, kwa Rukara walimuita muntu aliyechagua ndege. Karibu miaka saba hakukanyaga lupango la nyumba yao wala kaburi la muke wake. Alifikiri wamesikia yote na hawakumusamehe. Dada yake alimuacha afikiri hivyo.

Mwaka 1957 kifua kilimushika, akarudi Ngungu. Alikufa Alhamisi tarehe 14 Agosti 1958, asubuhi, akiomba neno moja tu: alale karibu na Rosalie. Kwa Rukara walikataa.

Jana Anastasie alienda kwao, akapiga magoti, akasema yote, na mafuta ya ngombe pia. Mama Mukabaranga aliuliza:

"Kumbe alikutuma?"

"Alinituma, Mama."

"Miaka yote hiyo nilikuwa nauliza: huyu muntu hana hata wa kumutuma?" Akaita watoto wake wanaume: "Mupime kaburi ku mukono wa kuume wa Rosalie." Halafu akamugeukia Anastasie: "Na weye, kesho utasoma haya mbele ya watu wote. Njo hapo nitakuitikia salamu."

Raphaël ameacha watoto wawili, Hakorimana na Epiphanie. Ameacha pia mama mukwe wake, Mama Mukabaranga, na shemeji zake. Na dada mumoja, Anastasie, njo mie ninayesoma haya.

Raphaël, pumzika na amani karibu na muke yako. Maneno uliyotuma yamefika.