Jaketi, Helmeti na Filimbi Mbili

Mshonaji alikuwa anasinzia siti ya nyuma ya basi mpaka alipopanda bwana mmoja aliyevaa jaketi la kuokolea maisha, helmeti, na filimbi mbili shingoni. Bwana akakaa mbele yake, ubavuni kwa mama mmoja aliyekumbatia kafi lililochakaa la kuendeshea kayaki, kile kimtumbwi chembamba.

"Filimbi ya pili ya nini?" mama akauliza.

"Ya kwanza ikizama, mama."

Usingizi ukamruka mshonaji.

"Umeshawahi kuendesha kayaki, mwanangu?" mama akaendelea.

"Leo ndiyo naanza. Lakini kila kitu ninacho: redio, kamba, taa, mpaka kioo cha kumulikia ndege za uokoaji."

"Na kuogelea, je?"

"Jaketi linaogelea."

Mama akashusha pumzi. "Miaka thelathini niko baharini. Jaketi navaa, silidharau. Lakini kilichoniweka hai ni kuitazama bahari, kuona imechafuka, na kurudi zangu nyumbani."

Bwana akatoa kalamu. "Hicho kinauzwa duka gani?"

Mshonaji akang'ata ukosi wa blauzi yake asicheke.

Basi likafika kituo cha mwisho, ufukweni. Mawimbi yalikuwa meupe mpaka upeo wa macho. Mama akachungulia dirishani mara moja tu, akalilaza kafi mapajani. "Dereva, mimi nageuza na wewe."

Bwana alikuwa ameshafika mlangoni. Akaangalia bahari, akamwangalia mama, akaangalia bahari tena. Kisha akapuliza filimbi zote mbili kwa mpigo, na dereva asijue kama abiria wake anaomba kushushwa au anaomba kuokolewa.