Hatua Kumi za Nasani Gakwaya

Tunayemsindikiza leo, Nasani Gakwaya, alizaliwa Nyanza, Rwanda, tarehe 9 Machi 1938, mtoto wa pekee wa Mzee Sebahire na Mama Verediana.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akatoka anajua kupima vizuri kuliko kusali. Mwaka 1961 alivuka mpaka peke yake, akapewa kiwanja hapa Rubondo, kwenye makazi haya ya wakimbizi.

Kuanzia 1962 alikata na kuezeka mabati ya asbesto, yale ya kijivu ya saruji, kwenye nyumba za watu Mbarara. Mkandarasi wake aliyasifu sana: hayashiki moto, hayaozi, yanamzidi mtu umri. Hakudanganya. Vipande vilivyobaki marehemu alipewa bure, akaezekea nyumba yake, na majirani wakamwonea wivu.

Alipokwenda kuposa kwetu Bwizibwera alitoka kazini moja kwa moja, mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Mama mkwe akauliza, "Huyu ni fundi ama ni muuza unga?" Provia, dada yetu, alisimama, akampangusa koti begani kwa mkono wake. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1966, na kwa miaka kumi na saba Provia aliendelea kukung'uta na kufua nguo zile.

Provia alifariki Novemba 1983 kwa kikohozi. Tulisema ni kifua kikuu, maana ndilo jina tulilokuwa nalo. Mwaka 1985 marehemu naye akaanza kukosa pumzi. Daktari wa Mbarara alimweleza kwamba vumbi la asbesto likishaingia kifuani halitoki, na kwamba nguo za kazi zisifike nyumbani tena.

Marehemu alirudi, akayalowesha mabati yake maji, akayashusha, akayafukia shimoni pamoja na nguo. Akaezeka nyasi. Akampeleka binti yake, Medius, kwa mama yake mdogo, mmoja wetu, huko Base Camp, kituo kikuu cha makazi haya. Kila Jumapili Medius alileta chakula, na kila Jumapili alisimamishwa hatua kumi kutoka mlangoni. Baba alizipima mwenyewe.

"Weka hapo, mama. Rudi nyuma."

"Baba, daktari alisema nguo tu!"

"Hii iliyo kifuani nitaivua wapi?"

Tulimrudia daktari, akasema mgonjwa huyu hamwambukizi mtu, binti amkumbatie hata leo. Tukampelekea habari hiyo. Marehemu alisikiliza kwa adabu, akasema, "Daktari hakufuliwa nguo na Provia."

Alifariki tarehe 14 Juni 1988, ameketi mlangoni, akitazama upande wa Base Camp.

Ameacha binti mmoja, Medius, mwenye miaka kumi na saba, na sisi mashemeji zake wawili. Asubuhi hii, kabla jeneza halijafungwa, Medius alisogea, akampangusa koti begani, mahali palipokuwa safi kabisa. Hakuna aliyemwambia arudi nyuma.

Lala, Nasani. Vumbi limetulia.