Ufagio wa Seremala

Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu haya mawili, na anayebisha akaliulize benchi. Benchi letu linatazama kiwanja cha Seremala, pale mvua ilipoporomosha kilima, ikabeba nyumba pamoja na bustani ya marehemu mkewe, ikaacha mwamba mtupu kama kipara cha kinyozi. Siku hizi analala karakanani. Kila asubuhi sisi tukinywa kahawa, yeye anaufagia ule mwamba, kisha anakuja kukaa na swali lake lilelile.

— Jamani, kijani kitarudi lini hapa?

— Hakirudi, akasema Redio, mtu asiye na swichi ya kuzimia. Wahenga walinena, mwamba ngoma huvutia kwake. Huo mwamba umeyavuta majani yote ndani.

— Mwamba ngoma ni mtu anayewamba ngozi, we kichwa maji! mwenzetu mmoja akafoka.

— Mtu, jiwe, wote wagumu.

Nikaona niwaelimishe. Nikawaambia mimi nimeshuhudia jiwe likiota msitu. Unatangulia ukoga, ule utando wa kijani, unalilamba jiwe mpaka linalegea kama sabuni. Upepo unaleta vumbi, vumbi linadaka mbegu, mbegu zinaita wadudu, wadudu wanaita ndege.

— Na ndege wanaita nani? Redio akauliza.

— Wapangaji.

Seremala akacheka. Halafu akasema taratibu:

— Mbona kwangu huo ukoga haufiki? Au mwenzangu kaondoka nao?

Redio akamsogezea kikombe chake mwenyewe. Muujiza.

Nyuma yetu alikuwa amesimama mama mmoja na kikapu, anasikiliza. Ni mdogo wa marehemu mke wa Seremala, amekuja kumjulia hali shemeji yake.

— Shemeji, hapa unafagia kila siku?

— Kila siku. Dada yako hakupenda uwanja mchafu.

— Sasa hilo vumbi likae wapi?

Tukatazama vikombe vyetu. Miezi yote ile tulikuwa tukimsifu mzee kwa usafi!

Seremala akaupapasa mpini wa ufagio. Aliuchonga mwenyewe, kwa kimo cha mkewe. Akampa shemeji.

— Ondoka nao. Nikibaki nao, nitafagia.

Masika yaliyofuata, kwenye ufa wa mwamba likatokea doa la kijani, dogo kama kifungo cha shati. Seremala kalizungushia vipande vya mbao, na Redio haruhusiwi hata kupiga chafya karibu.

Yote niliyosema ni kweli tupu, ila moja nimetunga. Siku ile ya kahawa Seremala hakucheka. Alicheka juzi, amepiga magoti mbele ya lile doa.