Ndolo wa Sufuria ya Chuma, na Barua Niliyoisoma Nusu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1995, Bwana Ndolo wa Kiema, mpishi wa kambi zetu za kuchimba visima, anavua aproni baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi mitatu ya utumishi. Alianza kazi Aprili 1964, Makueni ikiwa bado sehemu ya Machakos na idara yetu ikiwa na lori moja tu. Amepika Kitui kutoka Mutomo hadi Mwingi, na upande huu kutoka Tawa hadi Sultan Hamud, na kwa kadiri ninavyojua hajawahi kupikia kazini ndani ya jengo lenye ukuta.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi Kahiga, msimamizi wa kambi ya Wote, niandike kurasa mbili za kuchangamsha katika programu hii. Uchangamfu upo, mtauona. Lakini kwenye faili ya Mzee Ndolo kuna barua ya onyo ya mwaka wa 1984, na kwa ajili ya barua hiyo cheti cha utumishi mwema mpaka leo hakijaandikwa jina lake. Faili yenyewe inafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Aliyesababisha barua ile iandikwe ni mimi. Nimekaa na jambo hili miaka kumi na mmoja na sitaki mzee aende nalo nyumbani. Nitalieleza, ila sharti nianze na sufuria, maana bila sufuria kosa lenyewe halieleweki.

Wengi wenu mmeila mikate yake bila kuiona ikipikwa. Sufuria ni ya chuma kizito, nyeusi tititi, ina miguu mitatu, na kifuniko chake kina ukingo wa kuzuia makaa yasianguke. Iliachwa na mpima ardhi mmoja wa kizungu mwaka wa 1965, aliyeona ni nzito mno kuirudisha kwao. Akamwonyesha Ndolo mara moja tu jinsi ya kuoka nayo, akapanda gari akaenda. Mengine yote Ndolo aliyavumbua mwenyewe, kwa kuunguza.

Hana mapishi mengi, na hajawahi kujidai kuwa nayo. Isyo ya mahindi na maharagwe, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, ndengu, mbuzi aliyeiva kwa mafuta yake mwenyewe, malenge yakianza kuvunwa, na mkate. Siri ilikuwa kwenye moto. Kwa mkate aliweka makaa manane chini na kumi na sita juu ya kifuniko, kwa sababu mkate unataka joto la juu. Kwa mchuzi aligeuza. Makaa ya mgunga aliyaamini, mengine aliyaita moshi wa bure. Alikuwa akishikilia kiganja juu ya kifuniko na kuhesabu kimoyomoyo. Mkono ukishindwa kabla ya kufika sita, anapunguza kaa moja. Moja tu. Nimewahi kumwona akirudisha lile lile alilolitoa.

Sheria yake ilikuwa moja na kila mchimbaji aliambiwa siku ya kwanza: kifuniko hakifunuliwi na mtu mwingine. Si unyimivu. Asiyejua kukiinua anakiinamisha, na kikiinama majivu yanaingia chakulani. Mimi nilipofika kambini mwaka wa 1971, kijana wa Sultan Hamud niliyelelewa nyuma ya kaunta ya duka la mama yangu, niliisikia sheria hiyo nikacheka. Kisha nikafanya baya zaidi. Wiki yangu ya pili, nikitaka kuonekana mchapakazi, niliipeleka sufuria mtoni nikaisugua kwa mchanga na sabuni ya kipande mpaka ikang'aa. Ala! Kumbe ule weusi ulikuwa mafuta ya miaka sita aliyoyachoma humo taratibu ili chuma kisishike kutu. Chai, ugali, mboga, vyote vilikuwa na ladha ya msumari kwa siku tisa. Siku ya tatu Mzee Ndolo akanipa kipande cha mafuta ya mbuzi na kitambaa, akanielekeza kwa kidole mahali pa kuketi. Nilipaka mpaka mabega yakauma. Wenzangu waliniita Sabuni hadi mwaka wa 1976.

Sasa nifike kwenye desturi ya kisima, ambayo ni yake na haimo katika kitabu chochote cha idara. Mtambo ukifikia maji na maji yakisafika, chupa moja ilitumwa Nairobi kupimwa, na majibu yalichukua wiki sita, wakati mwingine nane. Mzee Ndolo hakuwa na wiki nane. Ndoo ya kwanza ya maji masafi aliimimina kwenye sufuria, akatia mahindi na maharagwe ya wenyeji wa pale pale, bila magadi. Sisi sote tunajua magadi hulainisha maharagwe hata kwenye maji mabaya, ndiyo maana aliyakataa. Isyo ikiiva kwa saa mbili au tatu, wenyeji na wachimbaji walikula pamoja na kisima kikakubaliwa. Isipoiva, maji ni magumu, na mama wa pale atamaliza kuni za kilima kizima akipikia watoto. Kwa miaka ishirini na zaidi sikumwona akikosea, na majibu ya Nairobi yalipofika yalisema aliyoyasema.

Mwaka wa 1984 tulikuwa kijijini Kavuthini. Mliokuwepo mnaukumbuka ukame ule, sitaueleza. Mimi nilikuwa msimamizi msaidizi wa mtambo na tulikuwa tumeagizwa visima kumi kabla ya Desemba. Hicho kilikuwa cha tisa. Maji yalitoka, watu wakalia kwa furaha, wanawake wakaimba. Mzee Ndolo akabandika sufuria saa mbili asubuhi. Saa sita mchana akaonja, akafunika. Saa nane akaonja tena, akafunika, akaniangalia. Maharagwe yalikuwa kama kokoto.

Nilijua maana yake: kuhamisha mtambo, kuchimba upya, kukosa cha kumi. Nilijua pia kwamba cheo cha usimamizi kilikuwa kikinisubiri mwishoni mwa mwaka. Mzee alipokwenda kutafuta kuni, niliinua kifuniko nikatia konzi ya magadi. Niseme wazi, nilifanya hivyo nikiwatazama wale akina mama waliokuwa wameketi mbali kidogo na vibuyu vyao, wakingoja.

Saa kumi isyo ikawa laini kama uji. Mzee Ndolo akafunua, na juu ya maharagwe akakuta majivu. Hakuuliza ni nani. Alipakua kijiko kimoja, akaonja, akatema pembeni. Kisha akamwendea Mutindi, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake, akamwambia kwa Kikamba, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika, kwamba chakula hiki kimetiwa magadi, kwa hiyo achukue mtungi wa maji haya akapike kwake bila magadi, na asikubali kisima mpaka aone kwa macho yake. Mutindi akapika. Kesho yake akarudi na maharagwe yale yale mkononi, mabichi, akayaweka juu ya kiti cha mtambo. Akatuuliza, na naomba mniwie radhi kwa kumnukuu: "Watoto wangu watatafuna haya?"

Wanawake wakakataa kisima. Makao makuu wakauliza kwa nini. Na mimi, badala ya kusema kweli, niliandika kwamba mpishi aliwachochea wananchi dhidi ya mradi wa serikali. Mnajua maneno hayo yalikuwa na uzito gani miaka ile. Ningeweza kumfungisha mzee wa watu. Nashukuru Mungu ilikuja barua ya onyo tu, lakini kwa barua hiyo jina lake likaondolewa pale lilipokuwa limepangwa, yaani mpishi mkuu na mkufunzi wa wapishi wote wa kambi za Kitui. Kazi hiyo ilikuwa yake. Kila mtu alijua ilikuwa yake. Mimi nilipandishwa cheo Januari.

Barua ilipofika ilikuwa ya Kiingereza. Mzee Ndolo anasoma Biblia ya Kikamba vizuri sana na Kiswahili kwa kujikongoja, lakini Kiingereza hakukisoma. Akaniletea mimi nimsomee. Aliketi kwenye gogo, mikono magotini, kofia ameivua. Nikaisoma kwa Kiswahili yote, isipokuwa nusu ya sentensi. Palipokuwa na jina langu niliruka, nikasema "imeripotiwa". Akanishukuru. Akakunja barua, akaiweka ndani ya Biblia, akaenda kuwasha moto wa chakula cha jioni.

Niongeze kwamba kisima kizuri kilipatikana Kavuthini mwaka uliofuata, chini karibu na korongo, na isyo yake iliiva kwa saa mbili kasoro. Mutindi alikula sahani mbili. Majibu ya Nairobi kuhusu kile cha kwanza yalifika pia, na yalisema maji yale hayafai. Niliyatia kwenye droo.

Miaka iliyofuata Mzee Ndolo alifanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Alipika Tawa mvua ikitupiga siku nne mfululizo, akachimba shimo chini ya turubai, akazika sufuria na makaa, tukala mkate wa moto huku mahema yakielea. Alioka keki ya harusi ya dereva wetu pale Mutomo, tabaka mbili, zilizoinama kidogo kushoto, na bibi harusi hakulalamika. Aliwafunza wapishi sita bila kuitwa mkufunzi. Hakuna mchimbaji aliyeugua tumbo kwa chakula chake, na hilo watu wa kambi wanajua si jambo dogo. Alijipakulia mwisho siku zote. Pale kanisani kwao amekuwa mzee wa kanisa kwa mihula mitatu, na mkewe, Mama Mbula, anatuambia kwamba nyumbani hapiki hata chai.

Mwezi uliopita, kamati iliponipa kazi hii, nilikaa na karatasi tupu siku tatu. Haki ya Mungu, kalamu ilikataa. Nikaandika makao makuu nikaeleza yote, magadi, ripoti, majibu ya kwenye droo, nikaomba barua ya onyo iondolewe na cheti kitolewe. Mpaka programu hii inapelekwa kuchapishwa hawajajibu. Kisha nikamfuata Mzee Ndolo mwenyewe jikoni. Nilimkuta akipaka sufuria mafuta. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona haya kuketi.

Hakushangaa. Akaniambia kwamba binti yake Syokau alipomaliza kidato cha nne mwaka wa 1987 aliikuta ile barua ndani ya Biblia akamsomea, nzima, na jina langu likiwa mahali pake. Yaani ameijua kweli miaka minane. Miaka minane amenipakulia asubuhi, mchana na jioni, na nyama yangu haikuwahi kuwa ya mfupa mtupu. Nilipougua malaria pale Mwingi mwaka wa 1990, yeye ndiye aliyenipikia uji akanishikia kikombe. Nikaketi chini kwenye majivu.

Nikamuuliza kwa nini hakunishtaki, au hata kunitukana. Akaendelea kupaka mafuta, akasema, "Ningekunyima chakula, ungejua nimejua, ungekuja kwa kuogopa. Nilitaka uilete kweli mwenyewe."

Kuhusu cheti alisema kikija kitapata ukuta, kisipokuja ukuta utasimama. Alichotaka ni kitu kimoja. Ile sentensi niliyoiruka niisome Ijumaa kwa Kiswahili, yote, mbele ya wachimbaji, mbele ya Syokau, na mbele ya Mutindi, ambaye amealikwa na ameahidi kuja. Nimeomba ichapishwe pia hapa, ili nisipate nafasi ya kuiruka tena.

Sentensi ni hii: "Kwa mujibu wa taarifa ya maandishi iliyotolewa na Bwana Kahiga, msimamizi msaidizi wa mtambo, mpishi Ndolo wa Kiema aliwachochea wakazi wa Kavuthini kukataa maji yaliyokuwa mazuri."

Taarifa hiyo ilikuwa ya uongo. Maji hayakuwa mazuri. Magadi niliyatia mimi. Ndolo wa Kiema alisema kweli kwa watu waliokuwa na kiu, akaadhibiwa, na aliyemwadhibu ndiye aliyekula chakula chake kila siku.

Mzee wangu, kwa niaba ya kambi zote za Kitui na Makueni, asante kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa niaba yangu mwenyewe, nisamehe. Mungu akupe uzee wenye afya, mvua za kutosha shambani, na wajukuu wenye kelele. Nenda nyumbani salama, Mzee Ndolo, uketi mezani, na kwa mara ya kwanza tangu 1964 upakuliwe kwanza.